Damu ya Jilo Haikukata Tamaa

"Askari wa damu yake walikuwepo, wote, daktari mwenyewe alisema. Hawakupigana kwa sababu mwenye mwili alikwisha kukata tamaa. Na mtu hakati tamaa bure. Mtafuteni aliyemkatisha."

Kaka Jilo, hayo ndiyo maneno aliyoyasema binamu yetu Maro siku tuliyokuzika, amesimama kando ya udongo wako, kofia mkononi. Aliyasema kwa huzuni, na ndiyo maana yalishika. Uongo unaosemwa kwa hasira hupingwa hapo hapo. Unaosemwa kwa machozi hukaribishwa na kupewa kiti.

Nilikuwa hatua nne kutoka kwake. Unanijua mimi dada yako. Kinywa kilikuwa tayari kimefunguka. Lakini nikakumbuka ulivyokuwa ukiniambia, kwamba kabla ya kumjibu mtu nihesabu kwanza hadi mia, kwa kuwa wewe nawe ulihesabu chembe nyeupe mia moja chini ya hadubini kabla ya kuandika neno lolote kuhusu damu ya mtu. Nikaanza kuhesabu. Nilipofika sitini na kitu Maro alikuwa amekwisha kuketi, wimbo umeanzishwa, na macho ya watu yote yamemgeukia Esta mkeo. Ndiyo mara ya pekee niliyofuata ushauri wako bila kubishana, na tazama.

Sasa mwaka umepita. Ndugu zetu wameniomba maneno machache ya kusomwa kanisani hapa Kulesa kwenye ibada ya kumbukumbu yako. Walitaka wasifu: alizaliwa, akasoma, akaoa, akafariki. Nimekataa. Hayo wanayajua. Nakuandikia wewe, na watakaosikia na wasikie.

Nikupe habari kwanza. Maji yale ya mafuriko yaliyotufukuza nyumbani yalirudi mtoni polepole, yakaacha tope jeusi mashambani, na mpunga wa msimu huu sijauona mfano wake tangu tukiwa watoto. Mwanao Komora ameingia kidato cha kwanza na tayari ana ubishi wa shangazi yake. Mdogo wake Eliza ameng'oka meno mawili ya mbele, na anakataa kucheka mbele ya mchungaji. Kwenye chumba chako cha maabara wamemleta binti kutoka Hola. Ana hadubini yenye taa yake, inayotumia betri. Nilipoiona nilisikia wivu kwa niaba yako, halafu nikacheka peke yangu.

Maana hadubini yako ilikuwa ya kioo, ikila jua. Uliweka meza dirishani upande wa mashariki asubuhi, ukaihamishia upande wa pili baada ya adhuhuri, na ole wake mtu aliyesimama mahali pasipofaa. Unakumbuka yule ofisa mkubwa aliyekuja kukagua, akajitandaza dirishani na tumbo lake? Wewe hukuinua hata kichwa. Ulimwambia, "Bwana mkubwa, umesimama juu ya malaria yangu." Akaruka kando kama aliyekanyaga siafu. Kisha akacheka, nawe ukamwitia kiti, ukamwonyesha vile vimelea, ukamweleza jina la kila kimoja kama mtu anayetambulisha wanawe.

Kila Ijumaa jioni nilikuletea gazeti lenye barua zangu. Ulisoma kwa kalamu nyekundu mkononi, wewe ambaye hukuwahi kuwa mwalimu, ukanisahihisha mimi ambaye nafundisha. "Hapa umemtukana mtu, Rebeka. Ushahidi uko wapi?" Nami nikasema ushahidi kila mtu anaujua. Ukasema, "Kila mtu alijua pia kwamba homa inaletwa na maembe mabichi." Sijapata tena msomaji wa namna hiyo. Wengine wananisifu au wananitukana. Hakuna anayenisahihisha.

Habari ya Esta nimeiweka mwisho kwa sababu ndiyo inayoniuma.

Hawakumfukuza, Kaka. Watu wetu hawana adabu mbaya kiasi hicho. Walimaliza matanga, wakala, wakanawa, kisha kaka zetu watatu pamoja na Maro wakamwita wakamwambia kwa upole kwamba shamba la kando ya mto ni la ukoo, kwamba avune msimu huu mmoja kwa ajili ya watoto, na baada ya hapo "tutaona". Unajua maana ya neno hilo kwetu. Hakuna aliyemwambia usoni kwamba yeye ndiye aliyekuua. Wanasema tu, mtu akipita, kwamba Jilo alikuwa mwenye nguvu, Jilo hakuwahi kulazwa, lakini mwanamke akikuambia mbele ya kambi nzima ya mafuriko kwamba utakufa, moyo utasimama wapi? Kwa hiyo yeye amelima peke yake na kupanda peke yake. Sasa mpunga umetia maziwa, ndege wameshuka, na hakuna shemeji hata mmoja aliyekwenda kumsaidia kuamia, kuwafukuza. Wengine walinong'ona kwamba ni ile homa nyingine inayotisha siku hizi. Ulipimwa, haikuwa hiyo. Na hata ingekuwa hiyo, ningeandika barua hii hii, neno kwa neno.

Basi nijibu hoja. Na ili niijibu lazima nirudi shambani, kwa maana ni wewe uliyenirudisha huko ukiwa kitandani.

Nilikuwa na miaka tisa, nawe kumi na mitatu. Baba na mama walikuwa wakilinda shamba la ng'ambo ya mto, sisi wawili tukaachiwa hili la ng'ambo hii. Walioko mjini hawajui kazi ya kuamia. Wanadhani ni mchezo wa watoto. Unapanda juu ya dungu, lile jukwaa la miti lililoinuliwa juu ya mpunga, kabla jua halijatoka, na hushuki hadi ndege walale. Una kombeo na rundo la madongo ya udongo. Una kamba zilizofungwa mikebe, zinazokwenda pembe zote za shamba. Una sauti yako. Wale kwelea wenye midomo myekundu hawaji mmoja mmoja, wanakuja kama moshi, na ukiwafukuza huku wanatua kule, na kule wakitua wanakula. Ndiyo maana kazi hiyo ina zamu. Mmoja akiwa juu, mwingine yuko chini anakula, anafinyanga madongo, analala kidogo. Baba alikuwa akisema ndege hawamshindi mtu kwa wingi, wanamshinda kwa kuwa wao hupokezana.

Wewe na mimi tulipokezana vizuri, na tulipokuwa juu pamoja tulibishana ili tusisinzie. Je, kiboko anaona usiku? Je, Mungu anajua Kipokomo? Ulishika upande mmoja, nikashika mwingine, na jua likipinduka tulibadilishana pande, kila mmoja akitetea alichokuwa akikipinga. Huko ndiko nilikojifunza yote niliyo nayo. Vyuo nilivyosoma baadaye vilinipa vitabu tu.

Kisha ikaja habari kwamba Golbanti kwenye misheni kuna watu wamekuja na meza, wanatoboa watu vidole na kutazama damu yao kupitia bomba la shaba. Ulivaa shati lako. Uliniambia, "Nitarudi jioni, dadangu, usishuke." Hukurudi jioni ile, wala ya pili.

Siku ya kwanza nilipiga kelele hadi sauti ikakauka. Siku ya pili sikuwa na sauti, nikavuta kamba tu. Nilikula ndizi na kambare mkavu bila kushuka. Baba alipita mtoni na mtumbwi wake kila adhuhuri kumpelekea mama chumvi na maji, akatazama ng'ambo, akaona kichwa kimesimama juu ya dungu, akapunga kasia. Siku ya kwanza nilimpungia. Siku ya tatu sikumpungia, lakini kichwa kilikuwa wima, naye akaridhika, akapiga kasia akaenda. Alikuwa mtu mwangalifu baba yetu. Kosa lake lilikuwa lile la kila mwenye shamba katika nchi hii: akiona kichwa juu ya dungu, hesabu imekamilika.

Nami siku ile sikulala. Hili nimewaeleza watu maisha yangu yote na wewe peke yako uliliamini. Niliwaona kwelea wakishuka jaruba la karibu kabisa, niliweza kuhesabu midomo. Kombeo lilikuwa mkononi, dongo limo ndani. Nilijua ninachotakiwa kufanya. Mkono haukuinuka. Si kwamba sikutaka. Palikuwa kama pana mlango kati ya kuona na kurusha, na mlango ule ulikuwa umefungwa.

Ulifika alasiri, unakimbia, na ukaona shamba likiwa jekundu kwa ndege na dada yako amekaa katikati yao macho wazi. Ulidhani nimekufa. Ulipanda, ukanitoa kombeo kwenye vidole, na dongo lililokuwemo lilikuwa limekauka likashika umbo la kombeo. Baba alipovuka na fimbo yake, akaniita mvivu na mlala macho wazi, ulisimama kati yetu. "Hajalala, baba. Amechoka. Mimi ndiye niliyeacha zamu." Ukapigwa wewe. Ulipigwa huku unanitazama na kunikonyeza, kwa maana ulikuwa umeiona damu kupitia bomba la shaba na hakuna fimbo ambayo ingekutoa furaha ile. Uliniambia baadaye: vipo vidogo vyekundu vingi kama mchele, na katikati yake, kimoja kimoja, kuna vikubwa vyeupe vinavyotembea. "Hao ndio walinzi, Rebeka."

Ulikuwa na miaka kumi na mitatu na tayari ulikuwa umepata kazi yako.

Sasa mafuriko. Sitayaeleza kwa wanaonisikiliza, walikuwemo. Nitasema tu kwamba kwenye kile kilima cha kambi ulikaa na hadubini yako juu ya kreti, chini ya turubai, ukipima damu ya watu wa vijiji vyote vilivyozama, wiki baada ya wiki, mtu mbele ya mtu, na kila mmoja anakukoholea usoni. Yale mafua ya kifua yalipita kambini kama moto wa nyasi. Watoto yalikuwa yakiwatupa siku tatu kisha wanainuka. Wewe hukuwa na mtu wa kukupokea. Barabara imekatika, mpimaji mwingine hayupo.

Esta alikuomba upumzike. Alikuomba kwa upole mara nyingi, na upole wake hakuna aliyeusikia, kwa kuwa upole hausikiki nje ya turubai. Ndipo siku ile akasimama mbele ya foleni akasema kwa sauti kubwa, "Utakufa hapa, baba Komora, na hawa watapata mpimaji mwingine, mimi sitapata mume mwingine. Mwiteni mtu ampokee!" Watu wakashika neno moja, utakufa, wakaliacha lile la mwisho. Katika kambi nzima ni mwanamke mmoja tu aliyedai mtu wa zamu, na huyo ndiye waliyemwita mchawi wa ulimi.

Na mimi nilifanya nini? Niliandika gazetini. Niliandika kwa fahari kuhusu mtu mmoja anayesimama peke yake kati ya watu wake na maradhi. Ilikuwa barua nzuri. Wewe uliisoma baadaye, maji yalipopungua na magazeti yakafika, ukaweka kalamu nyekundu chini ya "peke yake" ukaandika pembeni: kwa nini? Nilidhani umekosoa mtindo.

Ulipougua, lori lilikupeleka hospitali ya pwani. Wiki ya kwanza homa, ya pili ukapata nafuu, ukaomba uji wa mchele, tukashukuru. Ya tatu pumzi ikaanza kukatika, wakakuwekea oksijeni. Alikuwepo daktari kijana, mwanamke, aliyegundua haraka kwamba amelaza mtu wa maabara. Kila asubuhi alikuletea hesabu ya damu yako kwenye karatasi, mkaizungumza nyinyi wawili kama wafugaji wanaozungumza ng'ombe wa mtu mwingine. Mwanzoni zile chembe nyeupe zinazopigana na virusi zilikuwa zimeshuka sana. Kisha siku moja karatasi ikaonyesha zimepanda, zimerudi kawaida. Nikasimama nikapiga makofi pale wodini. Nikasema wamerudi, askari wamerudi.

Wewe ulitikisa kichwa. Ulishusha ile barakoa ya oksijeni kidogo, daktari akakukaripia, ukasema, "Kuwapo si kurusha. Baba alikuona kila adhuhuri, Rebeka."

Nilitoka nje kulia. Daktari akanifuata kwenye ukumbi, na hapo, Kaka, ndipo Maro alipokuwa, amekuja kukujulia hali na chungwa mfukoni, akasikia nusu. Mimi nilisikia yote, nami nitaisema yote. Daktari alisema kwamba virusi vikiwa vingi na vikikaa muda mrefu, chembe zinazoua hazipewi nafasi ya kupumzika; zinaamshwa saa zote na adui yule yule. Wataalamu wameona kwa panya kwamba baada ya muda chembe hizo hubaki, zinamtambua adui, lakini silaha hazitoki. Kwanza huacha kuzaana, kisha huacha kuua, mwisho hufa. Alisema huenda mwili wenyewe huzishika mkono kwa makusudi, kwa maana mapafu ni kitu laini, na vita visivyokoma huyararua kuliko virusi. Nilimwelewa. Aliyeamia anajua kwamba madongo yakirushwa mfululizo huvunja mpunga ule ule unaoulinda. Kisha akasema, "Kwa binadamu, kwa kifua kama hiki, hatujui bado. Sina kipimo cha kujua kama zinafanya kazi. Nakisia tu." Nilimheshimu kwa neno hilo kuliko kwa mengine yote. Aliniambia pia nisichanganye uchovu wa chembe na uchovu wa mtu: mvivu anaweza kupona na shujaa akafa, na chembe hazijui mwenye mwili anawaza nini.

Hiyo ndiyo nusu ambayo Maro hakuisikia. Alibeba "wapo lakini hawapigani" akaenda nayo Kulesa, na njiani akaijazia sababu. Binadamu hapendi nusu. Akipewa nusu huimalizia kwa kile alicho nacho nyumbani. Alichokuwa nacho Maro ni ugomvi wa turubai.

Ninamshutumu, lakini nikishahesabu hadi mia naona pia kitu kingine, na sina budi kukikiri mbele yako. Siku mbili kabla hujatuacha nilikushika mkono nikakuambia, "Pigana, Jilo. Usikubali. Kaza moyo." Nilikuambia kama ninavyowaambia wanafunzi kabla ya mjadala. Ulicheka, na kicheko kilikugharimu pumzi nyingi. Ukasema, "Dadangu, huku hakuna wa kumshinda kwa maneno." Kisha ukanishika wewe mkono, kana kwamba mimi ndiye mgonjwa, ukasema, "Nimepigana kabla hujafika."

Kwa hiyo mimi nilitangulia, Kaka. Kabla ya Maro kusema ulikata tamaa, mimi nilikuwa nimekwisha kukuambia usikate, kana kwamba ulikuwa unaelekea huko. Ni kosa lile lile, ila langu lilivaa nguo ya upendo. Nilikuwa na fimbo ya baba mkononi na sikujua. Nisamehe. Ulikuwa unajua damu yako kuliko sisi sote, ulikuwa umeihesabu, na hukuwahi kulalamika juu yake. Ulisema tu ukweli wake.

Asubuhi ile ya mwisho Esta alikuwa amekushika kichwa. Ulimwambia neno ambalo sikulisikia, naye hajaniambia, wala sitamuuliza. Lakini nilimwona usoni. Mwanamke aliyeambiwa "umeniua" hawi na uso ule.

Wiki iliyopita nilikwenda shambani kwake Jumamosi na Jumapili. Nilimwambia, wifi, shuka, lala. Akasema, "Wifi, wewe umezoea kelele za kwenye karatasi, hizi za ndege utaziweza?" Nikapanda. Mikono ilikumbuka kombeo, lakini siku moja tu sauti ilikwisha, nami Jumatatu nilifundisha kwa kuandika ubaoni, darasa likafurahi sana. Esta alilala chini ya dungu mchana kutwa, kifudifudi, bila kugeuka. Nilimtazama kutoka juu nikafikiri jinsi ambavyo ungemfunika khanga bila kumwamsha, kama ulivyofanya kila mara. Nilimfunika mimi.

Nakuaga, Kaka. Sikuagi kwa mara ya mwisho, kwa kuwa mabishano yetu hayana mwisho na bado sijakubali kwamba kiboko haoni usiku. Nakuahidi mambo mawili. Sitaandika tena kumsifu mtu kwa kuachwa peke yake. Nikimwona yuko peke yake nitauliza kwa nini, kwa wino mwekundu. Na wanao watajua baba yao alikufaje, kwa maneno ya daktari, pamoja na lile neno "hatujui".

Lala vizuri. Wewe umemaliza yako.

Sasa nawageukia nyinyi mlioketi hapa.

Maro, binamu yangu. Sikuiti mwongo, ulisikia nusu. Leo umesikia yote, na kuanzia leo ukilirudia lile neno itakuwa kwa makusudi. Wimbo wa mwisho ukiisha usitoke. Simama useme kwa sauti ile ile uliyoitumia kaburini kwamba ulikosea.

Na nyinyi kaka zangu watatu, acheni "tutaona". Semeni shamba la kando ya mto ni la Esta na watoto wa Jilo, msimu huu na misimu ijayo, na semeni ni nani kati yenu atakayempokea kesho alfajiri, nani keshokutwa, nani mtondo. Tajeni majina. Yuko hapa, safu ya tatu, amevaa nyeupe. Msimtazame mchungaji wala msinitazame mimi. Mtazameni yeye, mseme.